Mzee Aliyerudisha Samaki Mtoni

Chepkoech mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu kutoka Kapkatet. Mamako alitoka hospitali, na sasa anatembea mpaka kwa lango bila fimbo. Mvua imefika, na chai yetu inachumika vizuri.

Umeniuliza juu ya yule mgeni wa hoteli mnayofanyia kazi huko visiwani Fiji, mnayempeleka baharini kwa mashua, anayeshinda huko akivua samaki halafu anawarudisha wote majini. Umesema mnamcheka.

Mama yangu alipokufa, baba alianza kwenda mtoni kuvua kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa akirudi mikono mitupu, na shangazi yangu akawa anamcheka. Siku moja nilimfuata. Nilimwona akivuta samaki mkubwa, akamtoa ndoano mdomoni polepole, kisha akamwachilia.

"Baba, si tungempika?" nikamuuliza.

Hakushtuka. "Samaki akivuta kamba, nasahau kidogo," akasema. "Huko nyumbani kila mtu ananiangalia aone kama nimelia."

Nikaketi karibu naye mpaka jua likashuka. Tulipofika nyumbani, shangazi akauliza samaki wako wapi.

"Mto umechafuka," nikamjibu kabla baba hajafungua mdomo.

Sijui huyo mgeni wenu amepatwa na nini, labda hata hajapatwa na kitu. Lakini ningekuwa wewe, nisingemharakisha kurudi ufukweni.

Mungu akutunze juu ya maji hayo makubwa.

Ni mimi kogo, bibi yako,
Rael