Vitanda Sita na Sifa ya Kuchelewa: Kikao cha Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wanaotoka Isiolo

Tarehe: Jumamosi, 16 Agosti 2025
Mahali: Chumba cha mikutano, maktaba ya mjini Isiolo

WALIOHUDHURIA
Bw. Ekiru Akaale (Ngaremara) – Mwenyekiti
Bi. Ntinyari Gichunge (Isiolo mjini) – Katibu
Bi. Fosia Adan (Kinna) – mwanachama, mwaka wa tatu, Takwimu
Bw. Gitobu Kaburu (Isiolo mjini) – mwanachama, mwaka wa nne, Uhandisi
Bi. Hoda Guyo (Sericho) – mwanachama, mwaka wa kwanza, Ualimu
Wanachama wengine 19 (orodha imeambatishwa)

ALIYETUMA UDHURU
Bi. Margaret Kajuju – Makamu wa Mwenyekiti, anauguza mama

KUMB. NA. 1/8/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika ishirini asubuhi badala ya saa nne kamili, kwa kuwa akidi haikuwa imetimia. Bw. Gitobu aliomba dakika hizo ishirini zisiandikwe, kwa sababu ajenda ya siku ilikuwa hiyo hiyo sifa ya kuchelewa. Katibu alieleza kwamba muda huandikwa kama ulivyo. Bi. Fosia aliongoza dua na Bw. Gitobu akaongoza sala.

KUMB. NA. 2/8/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MACHI
Katibu alizisoma. Kwa faida ya wasiokuwepo, Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwezi wa Januari msimamizi wa mabweni chuoni aliwapa wengine vitanda vya wanafunzi sita wa Isiolo siku ya pili ya muhula, ilhali sheria inaruhusu kuripoti hadi siku ya tatu. Sababu aliyotoa ni kwamba "watu wa huko hurudi wakipenda."

Bi. Hoda alikuwa mmoja wa hao sita. Alitoka Sericho kwa lori siku tatu kabla ya chuo kufunguliwa, akafika siku ya pili saa kumi jioni, akakuta mtu mwingine ametandika kitanda chake. Alilala na Bi. Fosia kitanda kimoja muhula mzima.

Bw. Gitobu aliomba maneno yake ya Machi yafutwe. Maneno yenyewe ni: "Tuache kujidanganya. Sisi huchelewa, kila mtu anajua." Mwenyekiti aliagiza ombi hilo lisubiri ripoti.

KUMB. NA. 3/8/2025: RIPOTI YA BI. FOSIA
Bi. Fosia alieleza kwamba maneno hayo ya Machi yalimuuma kuliko ya msimamizi, kwa sababu yeye pia alishuku huenda ni kweli. Aliomba ruhusa ya kusoma madaftari ya kuripoti na kuondoka, akakaa nayo katika ofisi ya mabweni kila Jumatano mchana kuanzia Aprili hadi Juni. Alihesabu miaka mitatu.

Matokeo: katika majina 540 ya wanafunzi wa Isiolo, 497 waliripoti ndani ya siku tatu. Katika majina 600 ya wanaotoka jijini, mwendo wa nusu saa kutoka lango la chuo, ni 431 tu.

Tarehe 8 Julai aliitwa mbele ya Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi, msimamizi wa mabweni akiwepo. Mwenyekiti, aliyemsindikiza, alithibitisha mazungumzo yafuatayo.

Msimamizi alisema, "Mimi niko hapa miaka kumi na minne. Hili jambo kila mtu analijua."
Bi. Fosia alijibu, "Ndiyo, mwalimu. Hata mimi nilikuwa nalijua mpaka nikahesabu."

Msimamizi alifungua daftari mwenyewe, ukurasa alioutaka yeye, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma majina tisa ya Isiolo. Wote tisa walifika kwa wakati. Akafungua ukurasa mwingine, kisha wa tatu. Hapo alivua miwani na kusema, "Basi hawa watoto nimewakosea."

Mkuu alimuuliza Bi. Fosia kama alihesabu tu yale yanayowapendeza watu wa kwao. Alijibu kwamba hapana. Wanafunzi 211 kati ya wale 540 waliondoka kabla ya siku ya kufunga chuo, na hiyo sifa ya kuondoka mapema ni ya kweli.

KUMB. NA. 4/8/2025: MJADALA
Bw. Gitobu alisimama bila kuomba nafasi na kuuliza, "Kwani ulienda kututetea ama kutushtaki? Nani alikutuma useme hayo ya kuondoka mapema?" Alipiga meza.

Bi. Fosia alijibu kwamba aliulizwa, na hakwenda kule kudanganya.

Mwenyekiti aliomba utulivu, kisha akasoma barua ya chuo ya tarehe 30 Julai. Barua inasema kwamba hakuna kitanda kitakachotolewa tena kabla ya siku ya tatu kwisha, kwamba wanafunzi wote sita wamerudishiwa vyumba vyao, na kwamba chuo kiliamini hesabu hiyo "hasa kwa sababu aliyeileta alitaja pia upungufu wa upande wake."

Kikao kilishangilia. Wanachama kadhaa walipiga vigelegele, na mhudumu wa maktaba alikuja mara mbili kuomba sauti ipunguzwe.

Bw. Gitobu aliomba nafasi ya kuzungumza. Kisha alisema kwamba kwa miaka minne amekuwa akiwaambia wenzake wa darasani kuwa watu wa kwao hawajui saa, ili wacheke naye wasimcheke. Alimwomba Bi. Hoda msamaha. Bi. Hoda alisema, "Nimekusamehe, lakini nilikuwa nimeandika barua ya kuacha chuo. Ujue hivyo."

Iliamuliwa kwamba maneno ya Machi yabaki kama yalivyo, na msamaha huu uandikwe. Bw. Gitobu aliafiki.

KUMB. NA. 5/8/2025: MAPOKEZI YA WANAFUNZI WAPYA
Mwenyekiti aliarifu kwamba wanafunzi 31 wa Isiolo wataanza chuo mwezi ujao, akauliza nani atawapokea langoni. Bi. Hoda, ambaye hajawahi kuomba jukumu lolote katika chama hiki, aliinua mkono. Alisema atakuwa langoni siku ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, na ataondoka mtu wa mwisho akishaonyeshwa kitanda chake.

Bw. Gitobu alisema atakuja kubeba masanduku.
Bi. Fosia aliuliza, "Saa ngapi?"
Bw. Gitobu alijibu, "Saa kumi na moja na nusu. Andika, katibu."
Imeandikwa.

Hapakuwa na jambo jingine. Wanachama walitoka saa saba kasoro dakika tano mchana.

Imesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

E. Akaale, Mwenyekiti ....................
N. Gichunge, Katibu ....................