Mzizi Walionibadilishia

Glasgow, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumaini lile goti limetulia, na unashuka ufukweni Dunga kuchagua samaki mwenyewe badala ya kuagiza. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na nakueleza mapema usije ukasikia kwa kaka Odhiambo.

Unajua kazi yangu hapa chuoni ni kutunza kompyuta kubwa inayotumiwa na walimu wote. Mafaili yake yamewekwa folda ndani ya folda, na ile ya juu kabisa huitwa mzizi. Sasa kuna amri ya kumbadilishia mtu mzizi. Ukifanyiwa hivyo, folda moja ya ndani ndiyo inakuwa ya juu kabisa kwako. Ukijaribu kupanda zaidi, unajikuta palepale. Hakuna anayekuambia kwamba kuna kwingine.

Jumanne mwalimu mmoja, mama wa makamo, alipiga simu kwamba kitabu anachokiandika hakionekani. Nikatafuta, hata jina lake sikuliona. Nikamwambia bila wasiwasi, "Wewe hujasajiliwa hapa." Akaja mwenyewe, kitambulisho mkononi, machozi yanamtoka. Mwenzangu wa meza ya pili akakipata kitabu chake mara moja, kwenye kompyuta hiyohiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe bosi wetu, Bwana Graham, alinibadilishia mzizi tangu siku ya kwanza! Nilipomuuliza hakuona hata haya. "Wageni tunawaweka humo," akasema. "Panakutosha."

Pananitosha mimi? Njia ya kutoroka humo naijua, Mama, wala si ngumu. Lakini sitoroki, maana nikitoroka nitaitwa mwizi. Nilimwambia anifungulie kama wenzangu, akakataa. Basi tangu hapo kila anayepiga simu namjibu, "Mimi nimefungiwa, sikuoni. Ngoja nikupe Bwana Graham." Simu yake haijapumzika.

Ijumaa akaniletea karatasi ya kuomba msamaha: nitie sahihi, ama Jumatatu nisije. Nikampigia Odhiambo kazini kwake.

"Atieno, wewe weka tu sahihi," akasema. "Hiyo kazi ukiharibu, ingine utatoa wapi?"

Sijui nitaitoa wapi. Naogopa, sikufichi. Lakini kesho naenda, na nitakaa kwenye kiti changu.

Nisalimie Nyanya, na shangazi wa mandazi huko Nyalenda, na mchungaji aliyeniombea nipate viza.

Karatasi ya Bwana Graham ndiyo hii ninayokuandikia. Igeuze uone: pa kutia sahihi pako wazi.

Binti yako,
Atieno