Kikapu Changu Nimekishusha Mwenyewe, Ayo

Ayo,

Hela imerudi. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na mtu wa salamu ndefu. Kodi waliyonikata loji kupita kiasi tangu mwaka juzi imerudishwa, imeingia pamoja na mshahara wa mwezi uliopita. Na jina lako halikuguswa. Hilo la pili ndilo lililonitoa jasho, na ndilo ninalotaka ulisikie vizuri huko uliko.

Ulituacha kabla ya masika. Tulikuzika kule kwenu mlimani katika manyunyu, kwaya ya kanisa lenu ikiimba, na mimi Mwajuma wa Singida nimesimama nyuma, kanga kichwani, nakuombea kwa namna ninayoijua mimi. Dada yako akanifuata akanishika mkono. "Binti wa shambani, mbona uko mbali? Huyu si mama yako?" Nikasogea. Kweli, ulikuwa mama yangu. Nilifika Karatu sijui hata mti wa kahawa unafananaje, na wewe, msimamizi wa wachumaji, ukanifundisha kukuita Ayo kama Wairaqw wanavyoita mama zao, ukanifundisha na kuchuma buni nyekundu tu. Nilikuwa mzito mpaka ukanitania mbele ya watu: "Wewe unaichuma kahawa au unaisalimia?"

Sasa nikueleze yalivyotokea.

Unajua kazi yangu ya loji: jikoni, alfajiri nafunga lanchi boksi za wageni wanaoshuka kreta kutazama wanyama, mchana supu na chapati. Siku moja mimi na Paulina, mpishi mwenzangu, tukalinganisha karatasi zetu za mshahara. Kazi moja, mshahara mmoja, lakini yeye anaondoka na hela nzuri na mimi naondoka na makombo. Nikaenda kwa mhasibu. Akatazama kompyuta yake, akasema, "Dada Mwajuma, wewe una kazi mbili. Kwenye kumbukumbu za kodi, mwajiri wako wa kwanza ni shamba la kahawa. Sisi ni wa pili, na kazi ya pili inakatwa kodi nzito tangu shilingi ya kwanza."

Nilicheka, Ayo. Kazi mbili, mimi ambaye hii moja tu inanimaliza mgongo! Halafu nikakumbuka kikapu.

Kikapu changu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wake, ukutani pale stoo ya shamba. Hiyo ndiyo desturi uliyotulelea. Anayekwenda kwao kulima, awe wa Singida, Dodoma au Mbulu, anaacha kikapu ukutani, na wewe unaacha jina lake kwenye orodha ya shamba. Halifutwi mpaka mwenyewe ashushe kikapu kwa mkono wake. "Jina likifutwa, mtu anarudi kama mgeni," ulisema. Wakati wa korona, loji zilipofungwa, wenzetu waliokuwa wamekwenda kufanya kazi huko walirudi wakakuta vikapu vyao vinawasubiri, na siku hiyo hiyo wakaingia kuchuma. Kwa hiyo mimi nilipopata kazi ya jikoni, ulinikataza kushusha changu. "Wageni ni kama mvua," ukasema. Wala hukukosea. Ila orodha yako ilikuwa inakwenda mpaka ofisi ya kodi, na kule hawajui vikapu.

Mhasibu akasema kodi inarudi bila taabu nikileta barua ya shamba kwamba sikuwa nafanya kazi huko. Nikapanda shambani nikijua ni jambo la dakika.

Meneja mpya wa shamba alishapigiwa simu na mhasibu, na barua alishaiandika. Nikaisoma pale pale. Imesema msimamizi wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, aliweka majina ya wafanyakazi hewa kwa manufaa yake mwenyewe. Akanipa kalamu. "Saini hapa, dada. Marehemu hashtakiwi. Wewe unapata hela yako, sisi tunasafisha orodha."

Ayo! Wewe, uliyekuwa ukigawana makande yako na mtu aliyefika jana! Nikairudisha kalamu mezani. Nikamwambia, "Marehemu hashtakiwi, kaka, lakini ana wajukuu wanaosoma hapa hapa Karatu." Akanijibu kwamba lisemwalo lipo. Nikamwambia lililopo nitamletea, na nikatoka bila kuaga, jambo ambalo ungenigombeza kwalo.

Hela niliitaka, nisikudanganye. Nyumba ya mama yangu kule Singida inavuja na bei ya mabati unaijua. Lakini bati la kununua kwa jina lako lingenivujia rohoni.

Nikaenda ofisi ya kodi siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta binti mmoja mpole, akafungua taarifa ambazo shamba lilikuwa linapeleka kila mwezi. Mbele ya jina langu, tangu nilipoondoka, malipo ni sifuri. Wenzangu nao, miezi wanayokuwa kwao, sifuri. "Hapa hakuna aliyekula kitu, mama," akasema. "Shamba liandike ukweli tu kwamba hukuwa kazini. Loji itarekebisha, na kilichozidi utarudishiwa." Akanichapia kurasa za jina langu.

Nilirudi shambani na kurasa hizo, na sikurudi peke yangu. Wachumaji wako walikuja wote, wengine na watoto mgongoni. Tukamwita meneja stoo, tukasimama chini ya vikapu, na kila mmoja akaeleza miezi aliyokuwa kwao akilima na kwamba hakupokea hata senti, wala hakuna aliyepokea kwa jina lake. Alisikiliza. Si mtu mbaya, Ayo, ni mgeni tu wa mambo yetu. Akatazama ukutani, akauliza, "Kwa hiyo hivi vyote ni vya watu walioondoka?"

"Ni vya watu wanaorudi," akajibu Mama Shabani kutoka katikati ya wachumaji, na stoo nzima ikaitikia.

Barua ile akaichana mbele yetu. Mpya inasema niliachwa kwenye orodha kwa desturi ya shamba na sikulipwa chochote. Tena tumekubaliana: kuanzia sasa anayeondoka jina lake linatoka kwenye taarifa za kodi, lakini kikapu kinabaki, na akirudi anaandikwa siku hiyo hiyo. Desturi yako ipo, tumeiziba tu pale ilipokuwa inavuja.

Changu nilikishusha siku ile. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi ni mpishi sasa, na msumari ule una mtu anayeuhitaji kuliko mimi. Nililia, tena kwa sauti. Hela ilipoingia nikakijaza sukari, unga na sabuni, nikakipeleka kwa mumeo. Anakula vizuri, usiwe na wasiwasi, ila chai anaichemsha mpaka inakuwa dawa. Mabati yameshafika Singida.

Kikapu chako bado kipo, msumari wa kwanza karibu na mlango. Meneja aliuliza kama tukishushe. Tukamwambia desturi ni kwamba mwenyewe ndiye anayeshusha, naye akakiacha pale pale.

Lala salama, Ayo wangu. Ninakuahidi hivi: kila msimu ukianza nitaomba ruhusa ya siku moja loji, nichukue kikapu chako nichume mstari wako, buni nyekundu tu, kisha nikirudishe mahali pake. Sitaki malipo, na jina langu wasiliandike popote, maana kazi mbili nimeshaziona. Nitakwenda polepole. Nitakuwa naisalimia.

Mwanao,
Mwajuma