Vifungo vya Koti la Senje

Mpendwa Senje,

Hapa mjini wengi wangekuita shangazi, ila kwetu dada ya baba ni senje, na hilo ndilo jina nililokulilia miezi miwili iliyopita tulipokuzika. Nakuandikia kwenye simu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki Kenyatta Market, wasusi watatu wamenigawana kichwa. Siwezi kutulia. Nimebadilisha mkao mara kumi, nimeagiza soda nikaiacha ipate joto, na huyu msusi wa kulia ameshanionya.

"Madam, ukitingika hivi line itapinda, alafu useme ni sisi."

Ni kwa sababu ya kesho. Kesho tunagawana nguo zako. Wajua kwetu nguo za marehemu haziachwi zikaozea kwenye sanduku. Wanawake hukutana, wakapika, wakaomba, kisha kila mmoja akaondoka na kitu cha kuvaa. Tutakutana nyumbani kwako Uthiru baada ya chakula cha mchana, na mama ameshapitisha kwamba mimi ndiye nitakayechagua kwanza. "Wewe ndio unajuanga nguo," aliniambia. Senje, sijawahi kuogopa sifa namna hii. Mama Tabitha, rafiki yako wa kwaya, tayari ameomba lile koti lako la kijani. Nami nalitaka kuliko kitu chochote ulichoacha, na sijui kama nina uso wa kulichukua.

Ulikuwa ukisafisha ofisi za mawakili katikati ya mji, na asubuhi uliingia kwenye lifti umevaa vizuri kuliko wenye ofisi. Aproni ilikaa ndani ya mkoba hadi mlango wa stoo ufungwe. Jumamosi ulinichukua shuleni tukashuka River Road kwa miguu kutafuta uzi, na katikati ya mikokoteni na watu wa kubeba mabati ulinisimamisha ili nitazame wapita njia. "Usiangalie rangi. Rangi inadanganya. Angalia bega." Nikatazama mabega ya Nairobi nzima. Kulikuwa na fundi mmoja wa kufuli aliyevaa shati kuukuu ambalo bega lake lilikaa sawasawa, ukamsalimia kwa heshima kama mchungaji.

Na kwenye mitumba ya Kangemi hukuruhusu niseme nguo ni nzuri kabla sijaigeuza ndani nje. "Geuza kwanza! Huku nje ni sebule. Mimi nataka kuona jikoni." Wauzaji walikucheka, lakini wakakuwekea zile bora.

Sasa nawavisha watu kwa mshahara, kwenye duka la nguo za wabunifu kule Westlands. Mikono yangu bado inageuza nguo kabla akili haijaamua. Huwezi kuamini ninayoyaona. Kuna mbunifu wa Ulaya aliyepitisha jukwaani sweta yenye matobo makusudi, watu wakasimama kupiga makofi. Wewe ungeinuka kutafuta sindano. Kuna magauni yanayong'aa mbele, ukiyageuza unakuta nyuzi zinaning'inia kama zilishonwa na mtu aliyekuwa akikimbizwa. Pia kuna mengine, machache, ambayo jikoni kwake ni safi hadi natamani ungekuwepo uyashike. Fahari ya mitindo ya juu ipo, Senje, sikatai. Ila mara nyingi naikuta inachelewa kufika mahali ulipokuwa umesimama zamani.

Wiki hii nimeona jambo ambalo limeniondolea usingizi na hamu ya chakula. Tulikuwa tumezunguka kompyuta dukani tukitazama maonyesho ya msimu mpya. Wasichana wakatoka jukwaani, mmoja baada ya mwingine, wamevaa makoti makubwa ya wanaume, vifungo upande ule ule wa kiume, na hakuna aliyecheka. Bosi wangu akapiga meza. "Hii ndio kusema! Tuitishe hizi haraka." Nilienda nyuma nikajifanya napanga henga za nguo.

Unajua ni kwa nini. Wakati ule nilikuwa na wiki mbili tu kazini, nimetoka kufundishwa kwamba vifungo vya koti la mwanamke hukaa kushoto kwake, na vya mwanamume hukaa kulia. Nilijiona profesa. Jumapili ile tulitoka kanisani, umesimama na wanakwaya, umevaa lile koti la kijani uliloliokota Kangemi na kulipenda miaka mitatu. Nikakutazama kifuani, na ulimi hauna mfupa.

"Senje, kwani hujui hii koti ni ya wanaume? Angalia vifungo."

Mama Tabitha ndiye aliyeanza. "Woi! Kumbe tumekuwa tukiimba na mzee!" Wote wakaangua kicheko. Nawe ukacheka, ukawashinda kwa kucheka, lakini mkono wako ulipanda ukafunika vile vifungo na haukushuka hadi tulipoagana. Jumapili iliyofuata ulikuja na sweta. Sikuuliza. Kwa kweli nilifurahi, nikadhani nimekusaidia. Nilikuaibisha, Senje. Mbele ya watu wako, kwa elimu ya wiki mbili.

"Nimekuvuta?" ameniuliza msusi wa kushoto. "Mbona machozi, siz?" Nimemwambia ni kweli amenivuta.

Sasa nikuambie la Jumamosi iliyopita. Nilitangulia Uthiru kupanga nguo zako. Koti nililikuta chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwenye leso safi. Nililigeuza kwanza, kama ulivyonifundisha. Matundu ya zamani ya vifungo, yote matano, yalikuwa yamezibwa kwa uzi wa kijani, mshono mdogo mdogo hata nililazimika kulipeleka dirishani ili niuone. Juu yake ulishona vifungo. Upande wa pili ulitoboa matundu mapya, ukayazungushia uzi kwa mkono, moja moja. Ulihamisha vifungo vyote kuja upande wa kushoto. Nimeona kazi za mafundi wakubwa, na nakuapia sijaona jikoni safi kuliko kule.

Nikakaa kitandani kwako. Ndipo nikakumbuka siku moja ya Januari.

Jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye viatu. Ulikuja dukani kwetu bila kunipigia simu, ukasimama mlangoni. Ulikuwa umevaa koti hilo, umefunga vifungo vyote hadi shingoni, jasho linakutiririka. Ukageuka kidogo kulia, ukageuka kushoto. Ukanitazama. Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, napandisha pindo la gauni la mteja.

"Senje, husikii joto?" nikasema, nikarudi kwenye pindo.

"Nilikuwa tu napita," ulisema.

Hukuwa unapita, Senje. Kutoka Uthiru, siku yako ya mapumziko, na koti la baridi! Ulikuja kunionyesha vifungo. Mimi mtu wa kuangalia nguo za watu, sikuiangalia yako.

Kwa hiyo kesho nitachagua kwanza, na nitachagua koti. Nimeamua hapa hapa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa. Mama Tabitha atanuna. Nitampa lile gauni lako la zambarau na nitamwambia sababu, mbele ya mama na wanakwaya wote: nilichokisema kanisani, ulichokifanya kwa sindano, na mlangoni nilivyokuuliza habari ya joto. Maji yaliyomwagika hayazoleki, najua. Lakini kicheko kile kilikuwa na mashahidi, na haya maneno nayo yawe nao.

Kisha nitalivaa koti. Nitafunga vifungo vyote vitano hadi shingoni, hata jua likiwaka vipi, nami nitatembea kutoka kwako hadi barabara kuu nikitoka jasho. Na neno ulilolifuata hadi dukani, ukarudi bila hilo, nakupa sasa.

Umependeza, Senje. Limekukaa begani.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, uliyemfundisha kugeuza nguo.