Fundo ya kumi na mbili

Baba,

Ni minye, mutoto wako wa pili, ule mwenye mudomo kama redio isiyoishiwa batri. Nimerudi. Nilifika Likasi siku ya ine nyuma ya kukuzika, maua juu ya kaburi yako yamekauka. Basi yangu iliharibika njiani, mbele ya mupaka wa Kasumbalesa, na minye nikamupigia shofere kelele kama vile ungeningojea. Unisamehe.

Kazi ya Zambia sikukueleza vizuri. Ulisikia tu "bénévole", ukacheka: "Muntu anavuka mupaka kwenda kutumika bure? Bure iko mingi hapa Likasi, haiombe hata passeport!" Baba, kazi yenyewe ilikuwa kutoa mitego ya bawindaji, ili nyama za pori zisiishe. Mitego ya waya ya breki ya baiskeli. Kama yako.

Acha nijisifu kidogo, unanijua. Kule kulikuwa bazungu na diplomu zao, banafunzi ba université na mashini za kuonyesha njia shingoni. Lakini minye, na certificat yangu ya primaire, natazama tawi limekunjwa kidogo, nasema: "Hapa." Na mutego uko pale! Bakaniita Professeur. Chef wetu, mumama wa Kizambia, akaniuliza nilisomea wapi. "Likasi, Mama. Université ya Likasi." Bakacheka.

Sikusema kama université ile ni weye, unatembea mbele yangu kando ya muto Lufira, chini ya milima ya Koni, unaniambia nikanyage fasi umekanyaga. Nilikuonea haya, Baba. Njo kitu kinaniuma.

Siku moja tulikuta pongo ndani ya waya, ameoza, hakuna muntu aliyekuja kumuangalia. Nikasikia sauti yako: "Mutego haulale siku mbili bila mwenyewe. Nyama ikioza pale, umeua bure."

Sasa hapa nyumbani. Baba mudogo alinikalisha mbele ya bantu bote ba kilio, juu ya kiti yako, nikupyane: nishike jina yako na kazi yako. Akanipa panga, waya, na ile kamba yako ya nyuma ya mulango. Kila ukitega mutego, ulifunga fundo moja; ukiutoa, ulifungua. Nikahesabu. Kumi na mbili. Baba, hakuna aliyewaza! Weye uko chini ya udongo, na mitego yako kumi na mbili iko porini inakungojea.

Nikasimama. Nikaacha waya, nikabeba panga na kamba. Baba mudogo akapiga kelele: "Zambia imemuharibu kichwa! Anakataa kiti ya baba yake!" Na minye, redio yako, nikashika tu njia ya pori. Minye! Ungekuwepo ungeniitia daktari.

Nilitembea siku tatu. Kila kichaka nilikuuliza: Baba, weye ungeweka wapi? Na kila mara ulinijibu. Mutego mumoja ulikuwa na mufupa tu. Nilikaa chini pale kidogo. Mafundo kumi na moja nimefungua.

Ile ya mwisho, hapana. Nilizunguka kuutafuta mutego wake mpaka kiatu kikaachama. Umenishinda, muzee. Professeur muzima!

Yule mumama wa Zambia nimemutumia ujumbe, nimemuandikia jina ya mwalimu wangu: jina yako yote, pamoja na ya ubatizo. Kamba nimeifunga mukononi. Nitarudi kule Lufira, hata mvua inyeshe, mpaka niuone huo mutego. Siku hiyo nitakuletea kamba tupu kwenye kaburi, halafu nitaenda kukaa kwenye kiti yako.

Weye lala, Baba. Kuangalia mitego, niachie minye.