Sarafu Juu ya Sindano

Jumapili

...na bado nampenda kupita kiasi, lakini leo Salim wangu ameniudhi! Tulienda kwao Kaloleni kuihamishia kwenye kompyuta santuri pekee ambamo marehemu baba yake aliimba. Mama mkwe akaweka sarafu juu ya mkono wa sindano wa gramafoni.

"Isiruke, mwanangu. Hivi ndivyo tumezoea."

Uzito ule ukawa unaichimba santuri, sauti ikawa mikwaruzo mitupu. Nikamkanyaga Salim mguu amwambie mama yake. Akatabasamu tu, yule mzuri wangu!

Njiani kurudi ananiambia ati, "Mwambie wewe, bibi harusi. Wewe hatakugombeza."

Mimi? Hata hina haijafutika!

Naogopa. Lakini ikichakaa, basi... Kabla mwezi huu haujaisha nitarudi peke yangu nimwambie: Mama, tuitoe sarafu, wajukuu nao waje wamsikie babu yao.