Daftari la Mirusho ya Julieth

Kipalapala,
Tabora.
Jumapili, 11 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Recheli,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitamka kabla hujamaliza kusoma jina lako. U hali gani huko Toronto? Vipi mgongo, umepungua kuuma tangu wakubadilishie zamu pale unapohudumia wazee? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Wifi yako Paskazia kikohozi kimemwacha, kuku waliobaki wamepona kideri, na upepo wa mwezi huu unatujazia vumbi hadi kwenye chumvi.

Nakuandikia kwa kalamu, halafu nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu. Ningeweza kukupigia, lakini mwanao Julieth hukaa karibu nami kila ninapoongea nawe. Tena mimi nikisikia sauti yako nalegea, na leo sitaki kulegea.

Ile timu ya besiboli ya huko kwenu bado naifuata. Kila asubuhi, kabla ya chai, nafungua simu na kusoma matokeo ya mchezo uliochezwa sisi tukiwa tumelala. Paskazia anasema nimeoa mke wa pili bila kumtaarifu. Zile video fupi za mipira inayovuka uzio sizitazami, nasoma jedwali. Wewe na mimi tutabishana hadi Yesu arudi kuhusu yule mpigaji wako mnene. Ndiyo, mpira wake ukivuka uzio uwanja mzima unasimama. Lakini mara nyingi zaidi anapiga hewa na kurudi benchi. Mimi alama nampa yule mwembamba anayesubiri, anayeiacha mirusho mibaya ipite, na kupewa bure besi ya kwanza, kile kituo cha kuanzia, bila mtu kumshangilia. Hao ndio wanaoshindisha timu, na hutanibadilisha.

Unajua macho haya niliyapata kwenye tumbaku. Miaka ishirini na sita nimekuwa mteuzi, nasimama sokoni kupanga majani kwa madaraja, na sikuwahi kuliamini jani la juu. Nilitia mkono hadi katikati ya robota, ule mzigo wa tumbaku uliofungwa, maana mkulima mwenye majani mabaya huyaficha humo. Nikiyakuta, narudisha robota zima, hata mwenyewe akilia. Mrushaji nampima vivyo hivyo. Kasi yake ya mwanzo ni jani la juu tu. Mimi nangoja mrusho wa arobaini na moja, mkono ukishachoka.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia hofu, Recheli. Kaa chini kwanza.

Tangu shule ya Julieth ianzishe mchezo huu naye akawa mrushaji, nimekuwa nikikaa nyuma ya mdakaji na daftari langu. Mrusho uliopita mahali pake naupigia mstari, uliopotea naupigia nukta. Mwaka huu mwezi wa tano, kurasa za Julieth zilikuwa mistari mitupu hadi mrusho wa sitini. Kuna mvulana mmoja alikaa chini kwa hasira kwa kushindwa kuugusa mpira wake. Mwezi wa sita nukta zikaanza kuonekana baada ya mrusho wa arobaini. Mwezi wa saba zikaanza kwenye ishirini na tano, tena zimejazana.

Nilielewa kwamba bega lake limeumia. Nilimuuliza akasema ni uchovu tu. Paskazia akawa anamkanda bega kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi mtoto anasema limepoa. Hospitali sikumpeleka. Niliogopa daktari asije akasema kile nilichokwisha kukisoma daftarini.

Mwishoni mwa Julai waliokuwa wakichagua timu ya mkoa walitaka kumbukumbu za michezo mitano ya mwisho, na Mwalimu Masolwa, kocha wao, akaniomba nimwandalie. Nikanakili upya kwa mwandiko mzuri. Kila Julieth alipofika mrusho wa ishirini na tano, niliandika kwamba ametoka. Mirusho iliyofuata, pamoja na nukta zake zote, niliiandika chini ya jina la Mahona, yule mrushaji mwingine wa shule yao. Masolwa akaipiga picha na kuituma bila kuisoma, kwa sababu mimi ananiamini.

Julieth akachaguliwa, Mahona akaachwa. Alhamisi timu inapanda treni kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano, na huko Julieth atarusha michezo minne kwa siku tano.

Jumanne iliyopita nilikutana na Mahona njia ya seminari. Akaniamkia vizuri, akaniomba nimwonyeshe ukurasa wake ili ajue anakosea wapi, ajirekebishe. Nikamwambia daftari nimeliacha nyumbani. Lilikuwa kwapani mwangu. Yule kijana aliliona, akanishukuru, akaenda zake.

Unajua kwa nini nilifanya hivyo. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba akiingia timu ya taifa ya vijana, kuna shule huko kwenu inaweza kumchukua. Miaka sita hamjakaa meza moja. Nilijiona ninakuletea mwanao. Robota la namna hii angeniletea mkulima yeyote ningelirudisha bila kumtazama usoni, na hili nimelifunga kwa mikono yangu.

Leo kanisani kwaya ya akina Julieth iliimba ule wimbo wa kuinua mikono. Julieth alisimama mstari wa mbele. Mikono yote ikapanda, wake wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki kwenye paja. Alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilimtiririka kwenye shingo na kipindi hiki si cha joto. Tulipotoka akanifuata nyuma ya kanisa.

“Mjomba, usimwambie mama. Nikitoka Dar nitapumzika.”

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa mkono ule usije ukakatikia huko mbali, mbele ya watu wanaompigia makofi. Ana miaka kumi na sita. Mkono huo ataukosa kwenye kuchota maji, kwenye kuandika, na siku akipata mtoto wake wa kumbeba. Na naogopa lingine, nalo ni dogo nami nalionea aibu: kwamba nikisema ukweli hatanisemesha tena, na wewe utanihesabia hiyo miaka sita.

Nimekata shauri niende kwa Masolwa kesho asubuhi na daftari lenyewe, si nakala. Nitamwambia kuhusu Julieth na kuhusu Mahona. Halafu tutampeleka mtoto hospitali. Wewe ninakuomba kitu kimoja. Leo ukimpigia kwa picha, usimuulize habari za timu. Mwambie anyanyue mkono wa kulia juu ya kichwa. Usiutazame mkono, mtazame usoni. Halafu, kama wewe ni mama yake, mwambie unampenda hata asiporusha mpira tena, maana mimi akiniambia simpendi nitashindwa kubisha.

Paskazia anakusalimu sana, anasema zile soksi za sufu zimemfaa. Dada Advera wa Kigwa amevuna karanga za kutosha na amekutengea zako, ingawa sijui zitakufikiaje. Wasalimie wote wanaokuuliza habari zetu, na yule mama wa Kijamaika anayekupa lifti. Mungu aliyekuvusha maji yote hayo akulinde kwenye baridi ijayo, na amshike mtoto wetu mahali ambapo mimi nimemwachia.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ninayekuomba radhi kabla hujakasirika,

Eliya

Tena: Nilikuwa nimeshakunja karatasi nikasikia kitu kinagonga ukuta chumbani kwa Julieth. Nimemkuta amesimama katikati ya chumba, sweta limemkwama kichwani, mkono mmoja ndani mmoja nje, analia humo humo ndani ya sufu ili tusimsikie. Nimemvua taratibu. Kesho asubuhi ni mbali mno. Jua bado lipo, baiskeli ina upepo, daftari nimelifunga kwenye keria. Naenda kwa Masolwa sasa hivi, na Julieth amesimama mlangoni ananitazama, anajua ninakokwenda.